Kilio cha Beni, Viti vya Katindo

Kilio cha shemeji yangu kilinigharimu mbuzi mmoja, kilo kumi za sukari, mfuko mzima wa majani ya chai, beseni saba, na salamu ya asubuhi ya jirani mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau beseni. Hiyo salamu siiweki kwenye hasara kubwa, lakini mtu wa biashara hutaja kila kilichotoka.

Tulikuwa tunakaa Katindo, mjini Goma, si mbali na kambi ya wanajeshi, kwenye avenyu ya nyumba za mbao na nyua za mawe meusi ya volkano. Nilikuwa nachukua vitu vya plastiki Bunagana, mpakani na Uganda: beseni, ndoo, bidoni za maji. Niliongeza na mishumaa, kwa sababu umeme wetu ni kama shemeji wa mbali, unakuja ukipenda. Avenyu ilikuwa na chama chake. Kila nyumba ilitoa mchango, na chama kilikuwa na viti arobaini, sufuria tatu kubwa na shitingi moja, lile turubai la plastiki ambalo kwetu ni paa, ni ukuta, na siku ya msiba ni heshima. Ukifiwa, viti vinakuja vichwani mwa watu, shitingi inafungwa kwenye mawe maana ardhi yetu haipokei kigingi, na wamama wa avenyu wanakaa na wewe. Nililipa mchango huo miaka yote bila kuchelewa. Nilikuwa nanunua watu wa kunililia, basi nililipa kama mtu anayejua anachonunua.

Mwaka huo bomu lililipuka katika mji mmoja mkubwa wa Ulaya. Watu walikufa wakiwa mkahawani, jioni, na vikombe mikononi. Ni jambo baya, silipunguzi bei. Lakini nilishangaa kuona jinsi lilivyofika Katindo upesi kuliko maji ya bomba. Kesho yake simu za vijana wote zilikuwa na bendera ya nchi ile usoni. Redio ilisoma majina ya waliokufa, umri wao, kazi yao, nani alikuwa anakaribia kuoa, nani aliacha mbwa. Nilimjua mbwa huyo kwa jina kabla sijamjua mtoto wa jirani yangu wa nyuma.

Sasa, kwenye nyumba ya ghorofa ya kona alikuwa amepanga mama mmoja Mzungu, mfanyakazi wa shirika la misaada, na mji huo ulikuwa wa kwao. Prezida wa chama chetu, muzee mmoja wa upande wa Bukavu aliyestaafu ukarani, mtu wa kola iliyopigwa pasi na Kifaransa cha ofisi, aliitisha avenyu nzima. Viti arobaini vikatoka. Shitingi ikafungwa. Wakaja kununua mishumaa kwangu, katoni moja na nusu, na prezida akaniomba bei ya kilio. Nikampa. Kwaya ya parokia iliimba, tukanyamaza dakika moja, na prezida akasoma diskuru, hotuba ya kurasa mbili, mpaka akalia. Yule mama Mzungu alikaa mbele, amejikunja, anatazama viatu vyake. Aliposhuka kununua bidoni siku mbili baadaye aliniambia, kwa Kiswahili chake cha darasani Tanzania: "Samahani, mzee, mimi sikufiwa. Sikumjua hata mmoja wao. Niliona haya kuwaambia."

"Usijali, madamu," nilimwambia. "Hata wao hawakukuuliza."

Wiki tatu baadaye mdogo wangu alishuka kutoka upande wa Beni, kwetu kaskazini, juu ya lori la mbao, na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Mume wake alikuwa ameuawa katika shamba lao la kakao, yeye na ndugu zake wawili, kwa mapanga. Waliwazika hukohuko, haraka, kwa sababu wauaji hawakuwa wameenda mbali. Hakukuwa na kilio. Watu walikimbia na udongo bado uko kwenye majembe.

Nilifungua redio nisikie watasema nini. Walisema "watu kadhaa", kati ya bei ya dola na matokeo ya mpira. Kadhaa ni ngapi? Mtu akija dukani kwangu akaniambia nimpimie beseni kadhaa, namwambia arudi akishajua anachotaka.

Kwetu, mjane hukaa chini, kwenye godoro, sebuleni. Hatoki nje, hapiki, hajifungi kitambaa kipya. Anakaa mpaka wamama wa pale alipo, wasio damu yake, wamekaa naye, wamelia naye, halafu wanne kati yao wanamshika mikono, wanamuinua, wanamwogesha na kumvalisha kitenge. Ndugu hawawezi kumuinua. Wakimuinua ndugu, wazee wanasema msiba umezungushwa tu ndani ya nyumba, haujatoka. Na baba wa marehemu lazima aambiwe ni nani waliomuinua, ndipo na yeye afunge kilio kwake. Watu wa kwetu wa Butembo na Beni wanaofanya biashara Goma walikuja wote. Walilia vizuri, wakala vizuri. Lakini hao ni damu. Wakaondoka, na mdogo wangu akabaki kwenye godoro anatazama mlango.

Nikaenda kwa prezida. Nilimkuta barazani na gazeti la zamani.

"Papa Prezida, niko na kilio."

"Oh! Pole, papa. Pole sana. Nani?"

"Shemeji. Mume wa mudogo wangu. Na ndugu zake wawili."

Akavua miwani. Kwa wafu watatu prezida wetu alikuwa anavua miwani.

"Ajali?"

"Hapana. Waliuawa. Nyuma ya Beni, kwenye kakao."

Akavaa miwani.

"Ah," alisema. "Beni."

Alilisema kama mtu anavyosema "mvua" mwezi wa nne.

"Ndiyo, Beni. Sasa mudogo wangu iko ku godoro, anangoya wamama. Nimekuja kuomba viti na watu."

"Papa, usikasirike. Tujiambie kweli. Kule ni kila wiki. Tukianza kukalia kilio ya watu ya Beni, viti itaisha miguu."

"Wiki tatu zilizopita mulikalia watu wenye hata hamujue muji yao iko upande gani."

"Ile ilikuwa mambo ingine. Ile ilikuwa terorisimu."

"Na ya shemeji yangu?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta kabati ya kuwekea faili.

"Ya kwenu ni insekirite," alisema, yaani ukosefu wa usalama tu.

Sijui kama panga linajua tofauti hiyo. Nilimwacha nayo, maana nilikuwa nimeenda kununua, sikwenda kugombana, na mnunuzi akigombana mapema bei inapanda.

"Nipe wamama kumi," nikamwambia.

"Kumi! Kwa kilio haina maiti?"

"Ile ya Wazungu ilikuwa na maiti ngapi hapa ku avenyu?"

Alikunja gazeti. "Weye mutu ya biashara, unapima kila kitu."

"Sababu sisi wote tunapima, papa. Mimi tu napima kwa sauti. Wamama nane."

"Wanne. Na viti utakuja kubeba weye mwenyewe."

"Wanne wa kukaa ao wanne wa kupita?"

"Wa kukaa. Siku ya posho." Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini, papa, watu wasikie harufu ya nyama. Unajua wamama yetu."

Tukashikana mikono. Posho kwetu ni Jumamosi. Ijumaa nikafunga mbuzi mlangoni, upande wa barabara, ili kila anayepita amwone. Mbuzi alilia vizuri kuliko prezida. Jumamosi nikachinja, nikabeba viti kumi na viwili mwenyewe, nikavipanga. Mke wangu akapika. Wakaja wangapi? Alikuja mama mmoja anayeuza mikate, akaegemea mlango bila kukaa.

"Pole, dada," alimwambia mdogo wangu pale chini. Halafu akanigeukia. "Papa, ile beseni ya njano bado iko bei ileile?"

"Mama, leo ni kilio."

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza pole pole." Akapokea sahani, akala amesimama, akapangusa mdomo. "Wale wengine wanasema watakuja. Lakini Beni, papa... Mutu anachoka roho. Ile ya Ulaya walitusomea majina, tukaona picha, tukalia. Ya kwenu hata picha haina."

Picha ilikuwepo. Ilikuwa juu ya kigoda, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, shemeji yangu na shati la harusi. Hakuangalia upande huo.

Mdogo wangu alikuwa amesikia yote. Alipoondoka yule mama, akaniambia: "Yaya, kaka yangu, walikuomba bei gani?"

"Mbuzi."

"Moja?"

"Moja."

"Kwa wanaume watatu?" Akavuta shuka. "Ulipunguza sana. Marehemu angekubali, ule hakujua kubishana bei. Wanunuzi wa kakao walikuwa wanamupenda kwa sababu hiyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja. Nikataka kucheka, sikuweza.

Jioni hiyo baba mkwe wake alipiga simu kutoka Butembo alikokimbilia. Muzee aliyepoteza wana watatu siku moja, na bado alianza kwa kuniuliza afya ya watoto wangu.

"Wamama ya huko wameisha kumuinua?"

"Bado, muzee."

"Bado? Goma ni muji mukubwa. Watu wameisha?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Kwa kweli watu hawakuwa wameisha. Wakati huo barabara ya Kibati ilikuwa imejaa waliokimbia vita vya Rutshuru, maelfu, chini ya shitingi zilizochanika, kilomita chache tu kutoka viti vyetu arobaini. Avenyu yetu ilikuwa na maoni juu yao pia: kwamba wanakata miti na wanachafua barabara. Prezida alipopita pale kwa gari alikuwa anafunga kioo. Mimi niliwauzia beseni kwa bei ya kila siku, kwa hiyo sijidai mtakatifu. Lakini sikuwahi kuona mshumaa wa avenyu yetu ukiwashwa upande huo, wala bendera yao kwenye simu ya mtu. Bendera gani, tena? Ni ileile iliyo kwenye karatasi zetu za kodi.

Nikakaa nikapiga hesabu yangu. Kama watu wa avenyu hawafuati wafu, wanafuata nini? Mbuzi nilikwishajaribu. Kilichobaki kilikuwa nyumba ya kona.

Nilimkuta yule mama Mzungu anaanika nguo. "Shikamoo," alinisalimia, kama alivyomsalimia kila mtu, hata watoto, hata askari wa kizuizi cha barabarani. Nikamweleza: dada, shamba, mapanga, godoro. Alisikiliza mpaka mwisho na nguo mbichi mkononi.

"Nitakuja," alisema. "Nilete nini?"

"Sukari kidogo, kwa adabu. Na upite barabara kubwa, polepole, kwa miguu."

"Kwa nini kwa miguu?"

"Ili wakuone, madamu."

Akaelewa. Uso wake ukawa mwekundu, na ninamheshimu kwa wekundu ule.

Alipita Jumatano, saa nane mchana, na kilo ya sukari mbele yake kama mtu anayebeba yai. Maji ya chai hayajachemka, ua wangu ukaanza kujaa. Viti vilikuja vyenyewe, vichwani mwa watu ambao Jumamosi walikuwa na kazi. Shitingi ikaja. Prezida akaja na kola yake. Mama wa mikate akaja, na safari hii akakaa. Na mtu wa kwanza kuingia akafanya kile ambacho wote baada yake walifanya: akapita mbele ya mdogo wangu pale kwenye godoro, tuliyelivuta mpaka kizingiti cha sebule, akaenda kumpa mkono Mzungu.

"Pole, madamu. Tena? Pole sana."

"Hapana, hapana, si mimi. Ni huyu mama."

"Mungu akutie nguvu, madamu. Ni ndugu?"

"Si ndugu yangu. Aliyefiwa ni huyu hapa. Chini."

"Ah. Pole na yeye."

Nilihesabu. Watu thelathini na mmoja waliingia, nikarudia, thelathini na mmoja, na waliomsalimia mjane kwanza walikuwa wawili, mmoja kwa sababu alijikwaa kwenye godoro.

Prezida akasimama na karatasi. Ilikuwa diskuru ileile. Naapa, nilikumbuka hata pale alipovuta pumzi. Akasema dunia inaumia, akautaja mji wa Ulaya, akasema sisi wote ni watoto wa mji ule. Vijana wakapiga picha, madamu katikati, mdogo wangu ameonekana goti moja. Mwisho kabisa, akikunja karatasi, akaongeza: "Na pia ndugu zetu wa Beni." Watu wakapiga makofi. Kwenye kilio.

Halafu akawaonyesha wamama wanne kwa kidole, nao wakaenda kwa mdogo wangu wakiwa wamejifunga vitambaa tayari kwa kazi. Wa kwanza akamshika mkono.

Mdogo wangu hakusimama. "Mama," alisema kwa upole, "unakuja kuniinua kwa ajili ya nani?"

"Kwa mume wako, mama."

"Aliitwa nani?"

Yule mama akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama prezida. Prezida akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria, sikuwa na deni la kuwasaidia.

"Basi mukae kwanza," mdogo wangu alisema. "Si neno. Nitawaambia. Mukijua, mutaniinua."

Wakakaa. Na yeye, ambaye siku zote hizo alikuwa amesema maneno ya kuhesabika, akaanza. Akasema jina la mumewe. Akasema jinsi alivyokuwa anaonja kakao mbichi na kukunja uso kama mtoto, kila msimu, kana kwamba safari hii itakuwa tamu. Akasema kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mfupi na hataki kuambiwa. Mama mmoja akacheka. Mwingine akajifuta macho, kweli kweli, nikamwona. Nikasema moyoni: sasa. Bei imekubaliwa, bidhaa inashuka.

Ndipo honi ikapigwa nje. Gari la shirika. Kazini kwao walikuwa na sheria ya kuwa ndani mapema, na dereva alikuwa amekuja kumchukua. Yule madamu akamwambia dereva asubiri. Dereva akasema hawezi. Madamu akapiga magoti mbele ya mdogo wangu, akamshika mikono yote miwili, akasema kitu ambacho sikusikia, akatoka anafuta uso.

Alipofika langoni, prezida akasimama. Kwa adabu tu, kumsindikiza. Nyuma yake vijana. Nyuma ya vijana viti, kimoja kimoja, vikipanda vichwani. Mtu akafungua kamba za shitingi, na jua likatuangukia. Mama wa mikate akasema ana unga kwenye beseni. Akaondoka na ile beseni yangu ya njano, na wengine sita wakaona ni mtindo. Wale wamama wanne walikuwa wa mwisho. Walisimama kidogo, wakitazamana, kama watu kwenye foleni ambayo dirisha limefungwa.

"Tutarudia kesho, dada," mmoja alisema.

Mdogo wangu alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa anaeleza siku yenyewe: mume wake aliondoka asubuhi, akarudi mlangoni kwa sababu amesahau...

Sikuwahi kujua alisahau nini. Alitazama ua mtupu, mawe meusi, vikombe. Nikamwendea, nikakumbuka kuwa mikono yangu ni ya ndugu wa damu, nikasimama.

Akaegemeza kiganja ukutani, akakunja goti, akainuka mwenyewe. Magoti yalilia kama mbao. Akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia maji. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge ambacho mke wangu alikuwa amewawekea wale wanne wamvalishe.

"Chai imebaki?" aliuliza.

"Imebaki yote."

"Basi nimiminie. Na ile shitingi yao, usilipe tena."

Sikulipa tena. Mwisho wa mwezi nilimwambia prezida kwamba michango yangu imeishia Beni, na tangu siku hiyo ananipita asubuhi kana kwamba mimi ni mlingoti. Mdogo wangu anauza mafuta ya mawese sasa, na ananishinda kwa bei. Mtoto anasoma.

Lakini muzee wa Butembo hajafunga kilio chake. Kila anapopiga simu, baada ya afya ya watoto, anauliza lilelile: ni wamama gani waliomuinua binti yangu, nitume shukrani? Amezeeka, sauti yake inapungua, na mtandao siwezi kuukata kila siku. Nikimwambia ni wamama wa avenyu, atawatumia kuku na baraka kwa kazi waliyoiacha nusu, nami nitakuwa nimewapa bure kitu ambacho dada yangu aliwanyima. Nikimwambia aliinuka mwenyewe, basi kwake yeye msiba wa wanawe watatu bado uko ndani ya nyumba, na labda atakufa nao. Nimepima pande zote mbili, nikarudia. Nyinyi mliokaa vilio vingi kuliko mimi, naomba shauri: akipiga simu tena, nimjibu nini?